Katekista na Samaki wa Upepo

Wengi wanaomjua wanamjua kwa ile video. Mzee mrefu mwenye koti jeusi amesimama mlangoni pa kanisa, Columbus, Marekani, asubuhi ya Pasaka, na shingoni amejivika kamba iliyotungwa samaki wakavu. Video ilifika Louisville kabla misa haijaisha, ikavuka bahari ikafika kambini Nyarugusu, ikafika Uvira, na kila aliyeituma aliambatanisha vikatuni vya kucheka. Mimi niliipokea kutoka kwa shemeji yangu wa Kigoma, akiuliza kama huyu kichaa ni wa upande wetu. Sikumjibu. Yule hakuwa kichaa. Alikuwa katekista wetu, na jirani yangu wa juu, na kwa miaka yote niliyoishi chini ya sakafu yake sijaona mtu aliyeogopa aibu kama yeye.

Jina lake silitaji, maana limeshatajwa vya kutosha na watu wasiomjua. Sisi tulimwita Katekista, watoto walimwita Papa Katekista, na yeye mwenyewe akipiga simu alijitambulisha hivyo hivyo, hata kama aliyemwongelesha ni mtu wa kampuni ya gesi.

Tuliishi Buffalo, Lower West Side, katika zile nyumba za mbao za familia mbili, moja chini na moja juu, zenye kibaraza cha nyuma juu ya kibaraza kingine. Chini nilikuwa mimi na mume wangu na watoto. Sisi ni Warundi tuliokulia makambini Tanzania. Juu alikuwa yeye peke yake, mjane, Mkongo wa upande wa Fizi. Tulitaniana kuhusu Kiswahili. Alisema changu ni cha redio, hakina chumvi, nami nikamwambia chake kimechanganywa na Kifaransa mpaka hakijui kimelala kwa nani.

Chumvi ndiyo iliyotutambulisha. Wiki ya kwanza tulipohamia, tulisikia maji yakimwagika juu yetu, yakanyamaza, yakamwagika tena, na baadaye tena, na pamoja na maji ikashuka harufu iliyoingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Mume wangu alidhani bomba la choo limepasuka. Akapanda kugonga mlango, akakuta mzee mwenye miwani amekunja mikono ya shati, na bafu lake limejaa makayabo, wale samaki wa chumvi ambao Wakongo hawaoi wala hawaziki bila wao. Alikuwa akiwalowesha kutoa chumvi na kubadilisha maji. Mume wangu alirudi na bakuli la samaki waliopikwa kwa mawese, akawa rafiki yake tangu siku hiyo. Mimi sikula. Toka utotoni samaki mkavu hanipiti kooni, na nilikuwa nimejipa ahadi kwamba nikifika Marekani nitakaa katika nyumba isiyonuka.

Alikuwa na historia moja tu aliyoipenda, nayo haikuwa ya kwetu. Alipokuwa kijana kwenye seminari ndogo, alifundishwa na padri mmoja mzee wa Kibelgiji, mtoto wa wavuvi, aliyetoka kijiji cha pwani yenye baridi. Padri huyo alikuwa amechoka kufundisha wafalme na vita. Akifunga kitabu, alianza kusimulia wavuvi wa zama za kati: jinsi watu wa kaskazini ya mbali walivyowafunga samaki wawili wawili mikiani na kuwatundika kwenye fito, mbele ya upepo wa bahari, bila chembe ya chumvi, mpaka wakawa wagumu kama kuni na kuhitaji kugongwa kwa nyundo kabla ya kupikwa. Jinsi samaki wengine walivyotolewa matamvua na kupangwa kwenye mapipa ya chumvi. Jinsi majahazi ya wafanyabiashara yalivyowashusha kusini, kwenye miji iliyofunga Ijumaa zote na Kwaresima nzima, ambako mkubwa na mdogo hawakuruhusiwa kugusa nyama. Katekista alisema Kanisa ndilo lililofanya samaki kuwa mali, na alilisema kwa majivuno, utadhani na yeye alikuwa na fungu lake katika faida.

Wavuvi hao aliwaita wenzetu. Hakusema watu wa kale au Wazungu. Alisema wenzetu walifanya hivi, wenzetu wasingekubali vile. Siku moja nilimuuliza mbona haongelei pwani ya Waswahili, maana na huko miji ya zamani iliishi kwa samaki, na ng'onda, samaki wa chumvi waliokaushwa juani, zilipandishwa bara enzi hizo hizo. Nilitaka kumkomoa kidogo. Alifikiri, akapangusa miwani.

"Kwenu kuko joto, Mama Divine," akasema. "Joto inaomba chumvi na jua. Sisi huku Mungu ametupa baridi. Donc tutumie baridi."

Ndivyo alivyopata wazo la kibaraza. Alikuwa ameona kwamba upepo unaotoka Ziwa Erie mwezi wa pili ni upepo ule ule aliosimuliwa na padri wake, na kwamba watu wa Buffalo wanaulalamikia bure. Akapiga kulabu kwenye dari ya kibaraza cha juu. Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, alikwenda kwenye duka la Waburma mtaa wa pili, akanunua samaki wabichi, akawasafisha, akawafunga wawili wawili mikiani na kuwatundika. Walikaa pale Kwaresima nzima wakigongana kwa upepo. Nikiosha vyombo jikoni niliwasikia.

Makayabo yalikuwa ya maduka, mtu yeyote angeweza kununua. Hawa wa upepo walikuwa wake. Hakuwauza, alisema hajafika huku kuwa mchuuzi. Aliwapeleka wote Columbus, ambako sisi Wakatoliki tunaosali kwa Kiswahili kutoka Buffalo, Columbus na Louisville tulikuwa tukikutana kila Pasaka, kwa kuwa Columbus iko katikati. Ijumaa Kuu, baada ya Njia ya Msalaba, watu walishuka ukumbini chini ya kanisa, pale Linden, wakala mlo mmoja wa siku: ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Katekista. Watu walikaa mwaka mzima wakiukumbuka mlo ule. Nilishawasikia akina mama wa Louisville wakigombana kuhusu nani alipewa kichwa mwaka uliopita.

Alikuwa na sheria moja mezani. Mwenye samaki anaanza. Aliyeleta samaki, awe nani, hukaa mbele ya watu wote, huchukua kipande cha karibu na mfupa, hula, hutulia kidogo, ndipo wengine wanyooshe mikono. Aliishika sheria hiyo hata nyumbani kwangu. Mume wangu akileta dagaa kutoka dukani, Katekista alikaa na mikono magotini akimwangalia mpaka ameze. Wanangu walimwigiza wakicheza.

Sheria ilitoka kwenye hadithi aliyoipenda kuliko zote, na ambayo watoto wa mafundisho waliijua kabla ya kujua Amri za Mungu. Katika miji ya wenzetu, aliyeuza samaki waliooza hakupigwa wala hakufukuzwa. Alisimamishwa sokoni. "Bakamufunga mbao ku shingo," alisema, akijishika shingo kwa mikono miwili, "bakachoma samaki yake chini ya pua yake. Na batoto bakamutupia matope." Hapo watoto walicheka mpaka wakalala mezani. Yeye hakucheka. Alingoja wanyamaze, kisha akawaambia kwamba mtu yule alirudi nyumbani jioni, akala na mke wake, akaenda kulala, na kesho yake bado alikuwa na shingo ile ile.

Kuna mama alilalamika kwamba mtoto wake anajiandaa kwa komunyo ya kwanza na hajui sala ya kutubu, lakini anajua jinsi ya kutoa matamvua. Katekista aliomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa. Wiki iliyofuata akapanga viti vya ukumbi kuwa pwani, bandari na miji, akawafanya watoto kuwa mapipa.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa pande mbili ambazo hazikusalimiana. Alihubiri unyenyekevu, lakini ukisifu samaki wa mtu mwingine mbele yake alikohoa. Alikemea umbea, na hakuna ndoa iliyoyumba Buffalo asiijue. Na alikuwa mtu wa samaki anayeogopa maji. Wavuvi wetu wanaosimama ukingoni mwa mto Niagara kiangazi walimwalika mara nyingi, akawa anafika mpaka kwenye maegesho ya magari na kubaki ndani ya gari, madirisha yamepandishwa. Alikuwa amevuka Tanganyika na mke wake wakikimbia, na kuhusu safari hiyo alisema tu kwamba walipanda usiku. Mke alifia kambini baadaye. Samaki alimpenda akiwa ametoka majini kabisa, mkavu, hana habari tena na ziwa.

Kupima samaki alitumia kidole gumba. Alikibonyeza kwenye uti wa mgongo, akakiburuta kutoka kichwani mpaka mkiani, akakinusa. Alifanya hivyo kanisani, dukani, na mara moja kwenye sherehe ya harusi Louisville, kwenye sahani ya bwana harusi.

Sasa niseme habari ya aibu yetu, maana huwezi kumweleza mtu huyu bila hiyo. Sisi tuliomzunguka tulikula samaki wake na tulimwonea haya. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee Lackawanna, kwenye nyumba ya wazee ambao wengi wao walifanya kazi ya chuma zamani. Mwenzangu mmoja kazini aliwahi kunusa koti langu na kuuliza ni nini. Nikasema ni jirani, mzee fulani, hata simjui vizuri. Asubuhi hiyo hiyo Katekista alikuwa ameondoa theluji yote kwenye gari langu kabla sijaamka. Nilisema simjui, na wala hakuna aliyenitishia.

Divine, binti yangu mkubwa, ndiye aliyetafsiri siku mwenye nyumba alipokuja. Yule Mzungu alisimama uani, ametazama juu, na samaki wanageuka taratibu juu ya kichwa chake. Aliongea kwa muda mrefu. Alisema majirani wanalalamika, panya watakuja, hajapata kuona uchafu wa namna hii katika nyumba zake. Divine alikuwa darasa la sita. Alimgeukia mzee, akasema kwa Kiswahili, "Anasema wamependeza, lakini anaomba uwasogeze ndani kidogo." Katekista akainamisha kichwa kumshukuru mwenye nyumba, kwa heshima zote, na kumwahidi samaki wawili. Mwenye nyumba aliondoka hajaelewa kwa nini mtu anayetukanwa anatoa zawadi. Divine alikimbilia chumbani akalia. Nilipomfuata alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya wanangu, kwamba amechoka kuwa yeye ndiye anayesikia.

Mwaka wa ile video, Kwaresima ilichelewa, na mwezi wa tatu ukaja na joto. Siku kadhaa theluji yote iliyeyuka, watu wakatoka na fulana, na kwenye kibaraza changu palikuwa na matone. Nilitazama juu nikaona samaki wanadondosha maji. Nilimwita. Akashuka ngazi, akatazama, akasema ni jasho tu, upepo utarudi. Upepo ukarudi kweli, na baridi, na samaki wakakauka tena kwa nje. Aliburuta kidole gumba akanusa. Nadhani alinusa alichotaka kunusa, maana Columbus walishaanza kupiga simu wakiuliza kama mwaka huu ameongeza.

Tulisafiri Alhamisi kwa gari letu, samaki nyuma kwenye maboksi, watoto wakiomba joto la gari liongezwe, nasi tukaliongeza. Usiku wake wakaloweshwa kwenye ndoo jikoni pa kanisa. Ijumaa akina mama wakawapika kwa nyanya na mawese, na harufu ilipokuwa inapanda ngazi watu waliosimama kwenye Njia ya Msalaba walianza kuruka aya.

Sasa mtu huyu, katika mfungo wake, Ijumaa Kuu hakuweka kitu mdomoni kutoka Alhamisi jioni mpaka usiku wa Jumamosi. Hilo alilianza mwaka huo, baada ya kumwota mke wake. Miaka yote ya nyuma alikula ule mlo mmoja na sisi, na alikula wa kwanza. Mwaka huo alikaa mahali pake, mbele, kwenye kiti chake. Sahani ikawekwa. Ukumbi ukanyamaza ukimngoja. Akaitazama sahani, akafanya ishara ya msalaba, akaisukuma pembeni taratibu, akasema, "Miye leo nafunga. Mukule." Palikuwa na kama pumzi moja ya kusitasita. Kisha mikono ikanyooka.

Mimi sikula, kwa sababu yangu ile ya siku zote. Mume wangu alikula. Usiku ule mabafu yote ya nyumba za Linden tulimofikia yalikuwa na foleni. Watoto wengi walipona mapema. Watu wazima walilala chini wakitapika, na bibi mmoja mzee, mwenyeji wetu mpendwa, ambaye ndiye aliyempikia Katekista kitumbua cha kwanza alipoingia Marekani, alichukuliwa na gari la wagonjwa. Hakufa. Lakini Jumamosi nzima tulidhani atakufa, na Katekista alikaa kwenye korido ya hospitali. Muuguzi mmoja Mkongo alimweleza kwamba uharibifu ulianza karibu na mfupa, na kwamba kupika hakuuondoi. Akauliza kama samaki walipata joto. Katekista akamwambia ndiyo, walipata joto.

Usiku wa mkesha hakuonekana. Asubuhi ya Pasaka, watu walipoanza kufika, walimkuta mlangoni. Alikuwa amewachukua samaki waliobaki kwenye maboksi, ambao hawakupikwa, akawatunga kwa kamba ile ile ya kibarazani, akajivika. Alisimama wima. Mikono ameiachia. Misa ya Kiingereza ndiyo kwanza ilikuwa inatoka, na Wamarekani walipita mbele yake na nguo zao za sikukuu, wengine wakidhani ni mchezo wa Pasaka, mama mmoja akampa noti. Aliiweka chini kwenye ngazi. Vijana wetu wakatoa simu.

Paroko alitoka akamsemesha taratibu, akamshika bega. Katekista akamjibu kitu, na paroko akarudi ndani na uso umebadilika. Sisi tulikuwa kwenye maegesho. Nilikuwa nimeshika mikono ya watoto, na Divine alikuwa anarudia kwa sauti ndogo, mama, mama, mama. Kwenda kumvua ile kamba ilikuwa ni hatua chache. Nilifikiri kwenda. Lakini watu walikuwa wengi, na simu zilikuwa juu, na nilijua atakayesimama karibu naye ataonekana mpaka Kigoma. Kanisa lile lina mlango wa pembeni, unaoingilia upande wa sanamu ya Yosefu. Mtu mmoja alianza kwenda huko, familia moja ikamfuata, nasi tukafuata. Tuliimba Aleluya kwa nguvu. Tulipotoka bado alikuwa amesimama, na hata kutokea tulitokea kwa mlango ule ule wa pembeni.

Alirudi Buffalo kwa basi. Akafunga virago, akahamia kwa mwanawe Louisville kabla ya Pentekoste. Ngazi alizishuka mara nyingi siku ile akibeba vitu, na kila alipopita mlango wangu alipunguza hatua, nami nilikuwa ndani. Kulabu alizisahau, au aliziacha.

Pasaka ya pamoja haijafanyika tena. Watu wanasema ni gharama ya ukumbi. Bibi wa Linden alipona kabisa na ndiye pekee asiyeona haya kulizungumza. Akikutana na mtu wa Louisville huuliza, "Bon, yule mzee anapika?" Wanamwambia hapana. Husikitika kweli kweli, kwa sababu anapenda samaki.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa naosha vyombo nikasikia kwamba sisikii kitu. Nilipanda juu. Wapangaji wapya ni vijana wa Kiburma, wakaniruhusu kupita mpaka kibarazani. Zile kulabu zilikuwa zimeshika kutu. Sijui kilichonishika. Nilikwenda dukani nikanunua samaki, nikawafunga wawili wawili kama nilivyomwona akifunga, na kwa kuwa mimi si jasiri, niliwapaka chumvi, tena chumvi ya Kitanzania, ya kutosha ng'onda za kijiji kizima. Nikawatundika. Divine, ambaye sasa ni msichana wa chuo, alirudi likizo akawaona. Nilingoja aseme. Alisema tu kwamba nimewafunga vibaya, akapanda kwenye kiti akawafunga upya.

Tukaenda naye Louisville. Mwanawe Katekista anakaa upande wa kusini, kwenye nyumba ya matofali iliyo karibu na uwanja wa ndege, na mkewe alitupokea kwa furaha na wasiwasi. Alitueleza jikoni kwamba mzee anakwenda misa ya Kiingereza ya alfajiri, ambako hakuna anayemjua, na anakaa nyuma. Chakula anakula chumbani. Sala za nyumbani haongozi. Samaki analetewa wale wa boksi, wa kukaanga kwenye oveni, waliokatwa kama vidole, na anawala tu. Kwa mtu yule nilivyomfahamu, hicho kilikuwa kifungo.

Alitoka chumbani akiwa amevaa shati la mikono mirefu, amekonda, lakini mrefu vile vile. Divine akapiga magoti kumsalimia, jambo ambalo sijawahi kumfundisha likashika. Akamuuliza masomo. Mimi akaniuliza wazee wangu wa Lackawanna, nani amefariki, nani amebaki. Tulizungumza hivyo, juu juu, kila mmoja akizunguka pembezoni mwa shimo.

Mke wa mwanawe alikuwa amewapika samaki tuliowaleta. Akaleta sahani akaiweka katikati ya meza, samaki na mchuzi, na akatutazama. Katekista alijua kabla hajaona. Puani pake pakacheza. Akauliza, "Hii ni ya kulabu?"

Nikasema ndiyo.

Hakugusa. Aliweka mikono magotini, kama alivyokuwa akimfanyia mume wangu, akanitazama. Mwanzoni sikuelewa. Divine ndiye aliyenikanyaga mguu chini ya meza.

"Mwenye samaki anaanza," akasema Katekista.

Basi nilichukua kipande cha karibu na mfupa. Mimi, ambaye miaka yote nilipokea mabakuli yake mlangoni na kuyakabidhi kwa mume wangu. Kilikuwa na chumvi mpaka macho yakatoa machozi, na koo likafanya kile linachofanya siku zote, na nikakilazimisha. Hakuna aliyecheka. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni.

Nilikuwa bado natafuna aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza habari ya hali ya hewa, "Mama Divine. Ile siku batu balikuwa bengi mu ile salle. Bote banajua sheria. Hata mumoja hakuniuliza: Katekista, umeonja?"

Ningeweza kumwambia kwamba mtu mzima haulizwi. Ningeweza kumwambia kwamba tulimheshimu. Nilijua kwamba hata yeye anayajua hayo, na kwamba tungemwuliza kama angekuwa mtu tusiyemwonea haya, mtu tuliyemhesabu kuwa wetu kabisa. Uso uliniwaka. Divine alitazama meza. Nikameza.

Akaisogeza sahani kwangu zaidi.

"Ongeza," akasema. "Nione muzuri."

Nikachukua kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, nikala polepole mbele yake, na hakuniondolea macho mpaka nilipomaliza. Akangoja kidogo, kama ilivyo desturi. Ndipo akasukuma kiti nyuma, akaenda kunawa mikono.